Gari lililokosa mnunuzi
(Maneno ya fundi wa kamati ya usafiri mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka)



Niliombwa niseme juu ya gari. Sisi tuliokaa Lugufu na Nyarugusu tunasema gari, wenzetu waliobaki hapa wanasema motokari, lakini kesi ni moja: kesi ya kesho ni kwamba kaisi yetu iko na makuta ya kununua gari moja tu, na tukikosea hakuna la pili. Ndugu zetu walioko Marekani wameandika kwamba kule maduka ya magari mapya yanapunguza bei ya gari lililokosa mnunuzi. Wanauliza: tununue huku tuwatumie, ao tutume feza?

Kwanza mjue juu ya nini bei inashuka. Magari unayoyaona yamepangwa kwenye duka la kule, mara nyingi mwenye duka hakuyalipa kwa feza yake. Amekopa benki, ao kampuni ya mikopo ya kiwanda chenyewe, na riba inatembea hata gari likiwa limesimama. Kisha kiwanda kinaleta gari za mwaka unaofuata, mara nyingi kuanzia mwezi wa 8 ao wa 9, na zile za nyuma zinakula nafasi. Ni sawa na mama wa ndagala aliyechukua mzigo kwa deni: mangaribi hasemi tena bei ya asubui. Ndiyo maana mwisho wa mwezi, zaidi sana mwezi wa 12, muuzaji anakuwa mtu mzuri. Viwanda vingi vinamwahidi zawadi akifikisha hesabu fulani ya magari, basi gari la mwisho anaweza kuliachia kwa faida kidogo kabisa. Japani, makampuni mengi yanafunga mwaka wa hesabu mwezi wa 3. Kule kuna maduka yanayojiandikishia gari yenyewe ili kufikisha hesabu, halafu yanaliuza kama gari la mkono wa pili, na bado halijatembea.

Muuzaji hatakuambia gari limesimama muda gani, lakini gari lenyewe linasema. Fungua mlango wa dereva: magari ya Marekani yako na kibandiko cha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Soma namba ya shasi, yenye alama 17. Alama ya 10 ndiyo mwaka wa modeli: R ni 2024, S ni 2025. Inama usome tairi pia. Ukikuta 3522, ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Gari lililosimama sana betri inakufa, diski za breki zinashika kutu, na panya anaweza kula nyaya chini ya boneti. Mambo hayo muuzaji ayatengeneze mbele ya kulipwa. Na garanti: inaanza siku gari lilipoandikishwa ao kuuzwa mara ya kwanza, kwa hiyo lile la kujiandikishia garanti yake imekwisha kuliwa kidogo. Uliza, tena uandikiwe.

Sasa sikieni vizuri hapa. Gari la modeli ya mwaka jana, hata kama halijatembea, siku ya kuliuza litahesabiwa kwa mwaka wa modeli, siyo kwa siku uliyolinunua. Anayetaka kuuza nyuma ya miaka 2, punguzo lake litarudi kwa mnunuzi mwingine. Anayekaa nalo miaka 10 ndiye anayekula faida. Ninyi wa Marekani mnaonunua gari la kwenda kazini, nunueni hivyo, na mkae nalo.

Lakini kulileta Baraka? Mimi nasema hapana. Volani yake ni ya kushoto, ni kweli, na sisi Kongo tunatembea kuume. Lakini Hilux tunayoijua hapa haiuzwi Marekani. Kule wanauza Tacoma, na piesi zake utazitafuta Uvira mpaka uchoke. Tena iko nauli ya meli, bandari, safari ya kuvuka Tanzania. Ukifika kwa DGDA, dwane haihesabiwi kwa bei ya gari peke yake, nauli na asiransi vinaingizwa ndani ya hesabu. Punguzo mlilolipigania kule linaishia njiani.

Akili ileile tuitumie karibu. Wenye yadi za Dar es Salaam na Bujumbura nao wako na magari ya mkono wa pili yaliyopigwa vumbi, na feza yao imelala ndani. Tutauliza gari lililokaa zaidi, siyo linalong'aa mbele. Lakini liko gari lililokosa mnunuzi sababu soko lilikuwa baya, na liko lililokosa sababu kila aliyefungua boneti alikimbia: liliingia maji, ao liligongwa likapakwa rangi. Hilo ni kazi ya fundi, siyo ya picha ya simu. Dar tuulize bei ya transiti. Tukinunua gari lililokwisha kulipiwa ushuru wa Tanzania, tutalipa mara mbili, kule na hapa. Na mengi ya Dar ni volani ya kuume, ambayo imekwisha kutuletea matata na serikali. Mbele ya kutoa hata dola moja, tuulize DGDA na wenye kutoa plake. Dubai wako mafundi wanaohamisha volani kwenda kushoto. Mimi gari la namna hiyo ningelipitia mara mbili, juu usukani na breki ndivyo vilivyoguswa.

Kamati inaomba mkutano ukubali leo: tungoje mpaka mwezi wa 12, waende watu watatu, fundi, mweka hazina na mama mmoja wa kundi la sokoni, sababu wao ndio watakaopakia, na feza isitumwe kwa mtu aliyetuma proforma na picha tu. Ninajua wako wanaosema gari lipatikane wiki hii, wagonjwa wanabebwa na pikipiki. Ni kweli wanabebwa. Miezi hiyo ya kungoja kamati imepanga tulipe pikipiki hizo toka kaisi, na hesabu yake iko kwa mweka hazina hapa mbele. Anayetaka kuiona asogee, kisha tupige kura.