Nani Ataisahihisha Mashine?

Tunapojiuliza kama mashine zitamzidi binadamu akili, huwa tunaizungumzia siku ambayo bado haijafika. Katika baadhi ya mambo imeshapita. Mei 1997, jijini New York, kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Machi 2016, jijini Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol michezo minne kwa mmoja katika Go, mchezo ambao wataalamu wengi waliamini ungechukua miaka mingi zaidi kuangukia mikononi mwa kompyuta. Katika mchezo wa pili, hatua ya 37, mashine iliweka kete mahali ambapo wachambuzi walidhani imekosea. Baadaye ikaonekana kuwa kete hiyo ndiyo iliyoubeba mchezo. Mwaka uliofuata toleo jipya, AlphaGo Zero, lilijifunza kwa kucheza lenyewe kwa lenyewe, bila kuonyeshwa mchezo hata mmoja wa binadamu, na kwa siku tatu tu likafikia uwezo wa kuifunga programu iliyomshinda Lee michezo 100 kwa 0.

Hoja yangu ni kwamba mashine humzidi binadamu haraka zaidi pale ambapo jibu lake linasahihishika. Go ina ubao, kanuni na hesabu ya mwisho isiyobishaniwa. Mashine hujaribu mara milioni, na kila mara huambiwa imepata au imekosa. Hata AlphaFold, inayokisia maumbo ya protini, ilijifunza kutoka kwenye hazina ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971. Tuitazame kazi iliyojaza hazina hiyo: mtafiti huisafisha protini, huibembeleza hadi igeuke fuwele, huipiga eksirei, kisha huisoma miale ilivyotawanyika ili ajue kila atomu imekaa wapi. Umbo moja liliweza kumla mtu miaka. Demis Hassabis na John Jumper, walioiunda AlphaFold, walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2024, pamoja na David Baker, na kwa haki kabisa. Lakini chini ya AlphaFold yalikuwepo maumbo zaidi ya laki moja yaliyotolewa jasho maabarani.

Mwaka 1965 mwanahisabati I. J. Good alitoa hoja nzito: mashine inayotuzidi itaweza kuunda mashine bora kuliko yenyewe, nayo hiyo itaunda nyingine, hadi tuachwe mbali. Siipuuzi. Katika hisabati na uandishi wa programu, ambako jibu husahihishwa kwa sekunde, mbio hizo zinaweza kwenda kasi ya kutisha, wala sioni sababu ya kumwahidi mtu kwamba zitakoma. Lakini dawa ya malaria haithibitiki kwa kufikiri haraka. Lazima mgonjwa aimeze, siku zipite, na mtu ahesabu vimelea kwenye damu.

Wengine watasema kwamba mashine ikishatuzidi, hatuna tena uwezo wa kuikosoa. Go yenyewe inawajibu. Mwaka 2023 mchezaji asiye bingwa alishinda michezo 14 kati ya 15 dhidi ya programu yenye uwezo wa kumzidi bingwa yeyote. Mbinu aliyotumia iligunduliwa na programu nyingine: alizizunguka kete za mashine taratibu huku akiishughulisha pembeni, nayo haikutambua kuwa imezingirwa. Hatari hiyo hata mchezaji wa kawaida angeiona.

Sasa fikirini mashine inayoamua nani apewe mkopo, au nani alazwe chumba cha wagonjwa mahututi. Pale hakuna ubao wala hesabu ya mwisho; aliyenyimwa mkopo hatujui kamwe kama angelipa. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu sifa iliyopatikana kwenye mchezo inahamishiwa mahali ambapo hakuna aliyeipima. Kwetu sisi kuna zaidi: mifumo mikubwa ya lugha imelishwa Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, na kosa lake la Kiswahili halitagunduliwa na mhandisi wa California. Kwa hiyo naiomba Seneti ya chuo kikuu chetu ianze kufundisha wasahihishaji wa mashine katika tiba, sheria na lugha, na iwape mamlaka ya kukataa mfumo wowote usiokubali kupimwa.