Tunda la Kusoma
(Hotuba iliyotolewa katika jioni ya wazazi, wakati wa maadhimisho ya hekalu letu)



Nimeombwa niseme machache juu ya malezi na usomaji wa vitabu. Mimi si mwalimu wala mwanazuoni. Ni mfanyabiashara, na kosa nitakalowasimulia ni kosa la mfanyabiashara: nilidhani kwamba kila kitu kina bei yake.

Mwanangu alipotimiza miaka 14, niliona kwamba hashiki kitabu isipokuwa kile cha mtihani. Nikamwandikia mkataba. Kwa kila kitabu cha maana atakachokimaliza, ningempa shilingi 500. Nikabandika orodha ya vitabu kumi kwenye mlango wa friji: Ramayana iliyofupishwa, Bhagavad Gita, Panchatantra, Kusadikika cha Shaaban Robert, Juliasi Kaizari, yaani tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, na vinginevyo. Baada ya miezi minne alikwisha tia alama kwenye vitabu sita, nami nilikwisha lipa shilingi 3,000. Baadhi yenu mtakumbuka jinsi nilivyojigamba hapa hapa uwanjani, tukisubiri aarti.

Jioni moja jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuja kumjulia hali mama yangu. Alipoiona orodha ile alifurahi sana. Akamwita kijana, akamwuliza kwa upole: “Kusadikika nimekifundisha miaka mingi. Hebu niambie, mwanangu, Karama alishtakiwa kwa kosa gani?” Kijana akatazama chini. Mwalimu akajaribu tena: “Basi wajumbe waliotumwa walikuwa wangapi?” Kimya. Mgeni wetu alipoondoka, ukweli ulitoka. Katika vitabu sita, mwanangu alisoma viwili tu. Vingine alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kisha akatafuta muhtasari kwenye intaneti.

Nilikasirika, nikasema maneno ambayo mzazi hujutia. Aliniacha nimalize, kisha akanijibu: “Baba, nisamehe kwa uongo wangu. Lakini kimoja kati ya vile viwili nilivyovisoma kweli ni Gita. Humo Krishna anamfundisha Arjuna atimize wajibu wake bila kutamani tunda la tendo. Mbona wewe umelibandika tunda kwenye mlango wa friji?”

Ndugu zangu, nimeisikia Gita katika hekalu hili tangu utotoni. Najua ina sura 18 na beti 700, na baadhi ya beti hizo nazikariri usingizini. Lakini sikuwahi kuitumia kama kioo cha kazi zangu mwenyewe. Usiku ule nilipata usingizi karibu na alfajiri.

Nikajiuliza: je, ni haramu basi kumzawadia mtoto? Nikatafuta maarifa. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kabla ya kuchora, baadhi walipewa cheti bila kutarajia, na wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, walioahidiwa walionekana kupungukiwa na hamu ya kuchora kwa hiari yao. Wale waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa. Ubaya basi haukuwa katika zawadi yenyewe. Ulikuwa katika ahadi iliyoigeuza furaha kuwa kibarua.

Wahenga wa pwani hii walilijua jambo hilo. Walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kwamba pete itangulizwe ili chanda kipate kuwa chema.

Na sisi wana wa hekalu tunalo somo letu. Wengi wetu tulipokuwa watoto tulikuja hapa kwa ajili ya prasadi. Tuseme kweli, ni ladu iliyotuleta. Wazee wetu hawakutufukuza. Lakini prasadi si mshahara. Hakuna anayehesabu umeomba dakika ngapi ndipo akupimie. Hupewa aliyekuja mapema na aliyechelewa, mwenyeji na mpita njia, na utamu wake ni kuliwa pamoja. Mimi nilikuwa nimemlipa mwanangu mshahara, nikasahau kumpa prasadi.

Nikaiondoa orodha. Msidhani kwamba siku iliyofuata kijana alikimbilia vitabu. Kwa miezi miwili hakusoma hata ukurasa mmoja, nami nilijizuia kwa shida nisirudie mkataba wangu.

Aliyemrudisha ni mama yangu. Macho yake yana mtoto wa jicho, na kitabu chake cha Panchatantra cha Kigujarati hakisomi tena. Akamwomba mjukuu wake amsomee. Kijana haijui hati ya Kigujarati. Basi akasoma kimoyomoyo tafsiri ya Kiingereza, akamsimulia bibi yake kwa Kigujarati cha kuungaunga, na bibi akamsahihisha kila neno. Kwa wanaosikitika kwamba watoto wetu husoma mambo yetu kwa lugha ya kigeni, nakumbusha kwamba Gandhi mwenyewe aliisoma Gita kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi London, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold. Mlango aliouingilia haukumzuia kuifikia nyumba.

Mwanzoni mwa Panchatantra mna kisa cha mfalme mwenye wana watatu wazito wa kuelewa. Aliahidi kumpa Vishnusharma ardhi nyingi iwapo atawaelimisha. Mzee yule alikubali kuwafundisha kwa miezi sita, lakini alikataa kuuza elimu. Mwanangu aliposimulia hapo alinitazama, akacheka. Nami nikacheka.

Jioni nyingine Mwalimu jirani alikuwapo wakati kinasimuliwa kisa cha simba, ng’ombe dume na mbweha wawili. Akaruka kitini: “Hao ni Kalila na Dimna!” Akatueleza jinsi kitabu hicho kilivyotoka Bara Hindi, kikatafsiriwa Uajemi katika karne ya 6, kisha Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu katika karne ya 8. Kumbe yeye na mama yangu, kila mmoja kwa lugha yake, walilelewa kwa hadithi zile zile, wakaishi ukuta kwa ukuta miaka yote bila kujua.

Sasa nyumbani kwetu desturi ni hii. Kitabu anachokisoma kijana, nami hukisoma. Kikiisha, tunapika chakula anachokichagua yeye, tunamwalika jirani, na tunazungumza. Zawadi zipo, lakini haziahidiwi. Na kitabu kisichomwingia anaruhusiwa kukiacha. Juliasi Kaizari amekiacha katikati, nami sikusema neno. Kusadikika amekimaliza, na sasa anajua wajumbe walikuwa sita, na kwamba kosa la Karama lilikuwa kufundisha sheria.

Wazazi wenzangu, msiogope kuwafurahisha watoto wenu. Ogopeni kuwaajiri. Mtoto aliyeajiriwa husoma kwa ajili ya malipo, na siku malipo yatakapokoma, ataacha.

Nimalizie na deni. Wiki chache zilizopita mwanangu aliniletea bahasha yenye shilingi 2,000, malipo ya vitabu vinne ambavyo hakuvisoma. Hakuambiwa na mtu. Tulikubaliana fedha hizo zisirudi mfukoni mwangu. Zimenunua vitabu ambavyo jioni hii tunavikabidhi kwa Halmashauri, viwe mwanzo wa kabati la vitabu katika ukumbi huu. Tunaomba mlango wa kabati hilo uwe wazi kwa watoto wetu na kwa watoto wa majirani, kama prasadi.