Maombi Yatangulie



Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 1910, waliwakuta Wahaya waliokwisha kuanza kukusanyika na kusali, wakisoma Biblia ya Kiganda. Mungu alikuwa amewatangulia. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, Andereya Kajerero na wenzake walilichunga kundi pasipo mchungaji aliyebarikiwa.

Sisi (nami ni mzee wa vikao) huanza na bajeti. Sala hufungua kikao tu. Hapa Mabatini, nyumba zimesongamana mlimani hata jirani husikika akikohoa. Kabla ya wainjilisti kubisha hodi kwake, usharika umtaje kwa jina mbele za Mungu, na kamati ianze juma hili.