Mguu Unaouma Njiani Usiitwe Uzee

Hotuba kwa baraza la wakazi, Komarock



Mazungumzo ya leo yanahusu mguu. Kuna mzee ambaye kila akienda dukani hulazimika kusimama njiani kwa sababu shavu la mguu linamkaza na kumuuma. Akipumzika dakika chache, maumivu yanatulia. Akitembea tena, yanarudi. Nyumbani huambiwa ni uzee au baridi, achuliwe tu. Lakini maumivu ya namna hiyo, yanayokuja kwa mwendo na kuondoka kwa mapumziko, ni dalili kuu ya ugonjwa wa mishipa ya damu ya miguu.

Mishipa inayopeleka damu miguuni huziba polepole kwa mafuta yanayoganda ndani yake, kama bomba la maji linavyozibwa na uchafu. Damu kidogo inayopita humtosha mtu akiwa ameketi, ila haimtoshi akitembea. Duniani, zaidi ya watu milioni 200 wana ugonjwa huu. Walio hatarini zaidi ni wavutaji wa sigara, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu na mafuta mengi mwilini, na waliopita miaka 60. Mishipa ya miguu ikiziba, ile ya moyo na ubongo nayo huenda inaziba, kwa hiyo mgonjwa yuko pia katika hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Usipotibiwa, ugonjwa huweza kusonga mbele. Mguu huuma usiku hata mtu akiwa amelala, naye hupata nafuu akiuning'iniza kando ya kitanda. Kisha kidonda kidogo cha kidole kinakataa kupona, nyama inakuwa nyeusi, na daktari analazimika kukata mguu. Mwenye kisukari huweza kufika hapo bila kusikia maumivu, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya miguu yake imekufa ganzi. Yeye hawezi kungoja maumivu. Aikague miguu yake kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, asitembee pekupeku, wala asiikande kwa maji moto au kuiota jikoni.

Komarock ina bahati ya kuwa jirani na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Lakini Barabara ya Kangundo inayopita hapa inaendelea hadi Tala na Kangundo, na wakazi wengi wana wazazi huko na mbali zaidi. Kijijini, zahanati huwa mbali, na madaktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ni wachache nchini, wengi wao wakiwa mijini. Kwa hiyo wazee wengi hufikishwa hospitalini kidonda kikiwa kimeshaoza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 88 kati ya 100 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari.

Ukipiga simu nyumbani wiki hii, muulize mzazi mambo matatu. Je, mguu unamuuma akitembea na kutulia akisimama? Ana kidonda cha mguu ambacho kimepita wiki mbili bila kupona? Amepimwa sukari na presha? Akisema ana maumivu hayo au kidonda, au hajawahi kupimwa, aende zahanati bila kukawia.

Uchunguzi wa kwanza hauna uchungu. Mhudumu hugusa mapigo ya damu juu ya wayo, kisha hospitalini hulinganishwa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ikiwa ya mguu haifiki asilimia 90 ya ile ya mkono, mishipa imeziba. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, na wao huja hadi mlangoni.

Matibabu yapo. La kwanza ni kuacha sigara kabisa. La pili ni dawa za mafuta, presha, sukari na za kuzuia damu kuganda, kama daktari atakavyoelekeza. La tatu halina gharama: asiye na kidonda atembee hadi maumivu yamzidi, apumzike, aendelee tena, nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Wengi huongeza umbali wanaoweza kwenda. Wachache huhitaji mishipa kuzibuliwa au kufanyiwa upasuaji.

Mguu ukibadilika ghafla ukawa baridi, mweupe na wenye ganzi, hiyo ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi.

Kidonda kikionyeshwa mapema, mguu mara nyingi huokolewa. Mkifika nyumbani pigeni simu hiyo.