Bampa la Lori: Uliza Kabla ya Kufunga

Kabla hujanunua bampa la mbele la chuma, uliza uzito wake. Uzito huo hulalia ekseli ya mbele, na mizani ya barabarani ya Vigwaza, Tanzania, au Mariakani, Kenya, hupima kila ekseli, si jumla pekee. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari zima.

Fundi alifunge kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani. Asichomelee chesi, maana moto hudhoofisha chuma chake. Bampa lisizibe taa, namba ya gari wala hewa ya rejeta. Taa za ziada zipitie kwenye fyuzi na rilei.

Baada ya safari ya kwanza, kagua bolti zote. Bampa linalong'oka barabarani linaweza kuua. Usikubali fundi alipue kazi.