Kipimo Kisicho Sahihi ni Hatari kwa Mgonjwa Mahututi



Nimeombwa nizungumze juu ya kupima shinikizo la damu la wagonjwa mahututi. Huenda baadhi yenu mkadhani kuwa jambo hili ni la madaktari na wauguzi peke yao. Nakusudia kuonyesha kuwa linatuhusu sote.

Mwili huishi kwa damu ipitayo katika viungo vyake. Damu hiyo haiwezi kufika kwenye figo na ubongo isiposukumwa kwa nguvu ya kutosha. Nguvu hiyo ndiyo tuiitayo shinikizo la damu, nayo hupimwa kwa milimita za zebaki. Kwa mtu mzima ambaye shinikizo lake limeporomoka kwa sababu ya maambukizo makali, madaktari kwa kawaida hulenga kwanza wastani wa milimita 65. Likikaa chini mno kwa muda mrefu, figo huanza kushindwa kazi, na viungo vingine hufuata.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1733 Stephen Hales wa Uingereza alieleza jinsi alivyounganisha mrija wa kioo na mshipa wa farasi, damu ikapanda zaidi ya futi 8. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alitangaza kifaa chenye mkanda wa kujazwa upepo, unaofungwa mkononi. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha jinsi ya kusikiliza sauti za mshipa chini ya mkanda huo.

Siku hizi katika wodi ya wagonjwa mahututi hutumika njia mbili. Ya kwanza ni mkanda, ambao hujazwa na mtambo kila baada ya dakika kadhaa. Ya pili ni mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya ateri, aghalabu penye kifundo cha mkono, ukaunganishwa na kihisio kwa mpira uliojaa maji ya chumvi. Kwa njia hii shinikizo huonekana kwa kila pigo la moyo. Hiyo ndiyo hutegemewa zaidi mgonjwa anapopewa dawa kali za kupandisha shinikizo, kwani hali yake huweza kubadilika ghafla.

Hata hivyo, mtambo hausemi kweli usipowekwa sawasawa. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda kuliko ilivyo kweli. Ukiwa mkubwa mno, namba hushuka. Kihisio kikiwekwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, namba huongezeka kwa milimita 7 hivi. Basi mgonjwa mwenye wastani wa 58 ataonekana ana 65, na wanaomhudumia watatulia ilhali figo zake zinakosa damu. Kiputo cha hewa ndani ya mpira nacho hupotosha kipimo. Ndiyo maana muuguzi hodari hutazama pia kiasi cha mkojo, ubaridi wa ngozi na fahamu za mgonjwa, wala hatosheki na namba za mtambo peke yake.

Hapa ndipo wajibu wetu unapoanzia. Mtumishi aagizaye mikanda ya ukubwa mmoja tu amekwisha kuharibu kipimo kabla mgonjwa hajafika hospitalini. Mwenzake anayechelewesha fedha za matengenezo ya mitambo anafanya vivyo hivyo. Na mwalimu afundishaye kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji asidhani kuwa hilo ni la mtihani tu, maana hesabu hiyo ndiyo ielezayo kwa nini sentimita 10 za maji ni sawa na milimita 7 za zebaki. Mwanafunzi aliyeielewa, akija kuwa muuguzi, hatasahau kurekebisha kihisio kila kitanda kinapoinuliwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Uhai wa mtu ni zaidi ya mali, na daftari lake wodini ni ile chati iliyo kando ya kitanda. Kila mmoja wetu, mahali pake pa kazi, na ahakikishe kuwa namba inayoandikwa humo ni ya kweli.