Zawadi Haijawa Zawadi Mpaka Ikabidhiwe

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye mafunzo ya vijana wetu. Wengi waliniomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimeondoa tu pale umeme ulipokatika.)

Makamanda wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie vijana na kujitolea, na nimeambiwa nichague upande ninaoujua. Upande ninaoujua ni mmoja tu: kupiga filamu bure kwa ajili ya watu wasio na hela ya kumlipa mpiga picha. Huu ni mwaka wa tatu nafanya hivyo na wenzangu watatu wa chuo, kila likizo. Tuna kamera moja ya kuazima, simu mbili, kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye kola, na nauli ya basi tunayochangishana. Hatujawahi kulipwa hata shilingi na hatumdai mtu.

Sasa msidhani nimekuja kujisifu. Nimekuja kukiri kosa.

Likizo ya mwaka juzi tulikwenda Tanga, kwa mzee mmoja mpiga gitaa. Wanaoijua taarabu ya Tanga wanajua kwamba gitaa lina nafasi yake mle, si ganuni na fidla peke yake kama tulivyozoea kuisikia ya Unguja. Huyu mzee ana miaka 70 na ushee, na vidole vyake bado vinajua njia. Tulikaa naye barazani siku mbili. Alituimbia nyimbo tatu, akatusimulia habari za enzi zake, na mkewe akatuletea chai na mihogo kila jioni. Tukarudi chuo, tukahariri usiku kucha, tukatoa filamu ya dakika 11. Tukaiweka YouTube, nembo ya kikundi chetu kona ya juu kulia.

Jamani, watu waliipenda. Maoni yalimiminika: hongereni vijana, mnaenzi utamaduni, Mungu awalipe. Mimi nikajiona nimetoa sadaka.

Miezi miwili baadaye nikapigiwa simu kwa namba nisiyoijua. Ni mzee, ameazima simu ya mjukuu wake.

"Binti, naambiwa nimo kwenye simu za watu. Mimi sijajiona."

Nikaanza kujing'atang'ata. Kweli, hatukumpelekea. Ana simu ya kitochi, hata link tungemtumia angeifungulia wapi? Nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Hilo dogo. Kubwa ni kwamba mama wa nyumba ya tatu haitikii tena salamu yangu."

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

Wimbo wa tatu katika filamu yetu si wake. Ulitungwa na rafiki yake waliyekuwa naye kwenye kikundi, ambaye ameshafariki. Mjane wa marehemu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa mzee. Na mzee alitwambia yote hayo mbele ya kamera! Kabla hajaanza kuimba alizungumza kama dakika nne: nani alitunga, alitunga kwa sababu gani, walikuwa wamekaa wapi siku ya kwanza kuujaribu. Sisi tukazikata zile dakika nne. Tuliona zinachosha. Nani atakaa amwangalie mzee anaongea dakika nne? Tukaanzia pale gitaa linapolia. Halafu chini tukaandika jina la mzee, na mbele yake tukaweka maneno matatu: mtunzi na mwimbaji.

Watoto wa yule mama wanaoishi Dar waliiona, wakamtumia mama yao. Akaamini kwamba jirani yake wa miaka yote alisubiri mumewe afe ndipo amuibie wimbo.

Hiyo ndiyo sadaka niliyotoa.

Naomba niwapeleke darasani kidogo, maana mimi ni mwanafunzi wa sheria na hili lilinipata nikiwa nimeshafaulu mtihani wa somo hilohilo. Zawadi kisheria ina vitu vitatu. Kwanza nia: mtoaji awe kweli anataka kutoa. Pili makabidhiano: kitu kitoke mkononi mwake. Tatu mpokeaji akubali kupokea. Kimoja kikikosekana, hakuna zawadi hapo. Mjomba akisema kila Iddi "hii baiskeli ni yako" huku funguo ya kufuli iko mfukoni mwake, baiskeli bado ni ya mjomba.

Sisi nia tulikuwa nayo, tena nzuri sana. Lakini tulikabidhi nini, na kwa nani? Filamu ilikuwa kwenye akaunti yetu, ina nembo yetu, nywila tunaijua sisi. Mzee hakuipokea, hata kuiona hakuiona. Tulichofanya ni kuchukua kitu kwake, tukakipeleka kwa watu wengine, tukapokea hongera sisi.

Na sheria haikusaidii kwenye hili kama hukuamka mwenyewe. Watu wengi wanadhani ukipiga filamu bure basi moja kwa moja inakuwa mali ya jamii. Sivyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiangalii kama ulilipwa au ulijitolea. Kazi ikishatengenezwa haki inazaliwa palepale, hata kama hujaisajili COSOTA. Kwenye ile filamu yetu ya dakika 11 kulikuwa na haki za watu watatu. Sisi tulioitengeneza filamu. Mzee, ambaye kama mtumbuizaji ana hakishiriki: onyesho lake halirekodiwi wala kusambazwa bila ridhaa yake. Na marehemu aliyetunga wimbo, ambaye haki yake haikuzikwa naye, inaendelea kwa warithi wake, na jina lake lilistahili kutajwa. Watu watatu, na sisi tukajiona tuko wenyewe.

Kwa hiyo ukinyamaza, filamu inabaki yako wewe mwenye kamera. Ukitaka iwe yao, lazima utoe, na utoe kwa maandishi.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: basi bora tuache, tusije tukaharibu. Hapana. Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na mimi namjua kwa sauti tu. Bi Kidude alifariki Aprili 2013, mimi nikiwa shule ya msingi, lakini najua anavyoshika ngoma, anavyocheka, anavyomjibu mtu anayemletea mchezo. Najua kwa sababu kuna watu walimfuata na kamera, akiwemo Andy Jones aliyetoa filamu juu yake mwaka 2006. Wazee wetu wangapi wako mitaani, wanajua mambo, na hakuna atakayekuja kuwapiga picha kwa malipo? Tusipokwenda sisi hakwendi mtu. Ninachosema ni kwamba tukienda, tumalizie safari.

Nilipoanza kusoma kutafuta wenzetu walifanyaje, nikakutana na kisiwa kinaitwa Fogo, kiko Newfoundland, Kanada. Mwaka 1967 wavuvi wa pale walikuwa na hofu ya kuhamishwa na serikali. Akaja mwongozaji wa filamu, Colin Low, kutoka bodi ya filamu ya taifa ya Kanada. Badala ya kutengeneza filamu moja kubwa ya kuonyesha mjini, yeye na wenzake walitengeneza filamu fupi 27, watu wakieleza mambo yao kwa maneno yao. Na hapa ndipo nilipofunga kitabu nikatafakari: waliorekodiwa waliziona kwanza. Mtu akisema kipande hiki sikitaki, kinatolewa. Kisha zikaonyeshwa vijiji vingine vya kisiwa kilekile, na watu waliokuwa hawasikilizani wakaanza kusikilizana. Ndipo zikapelekwa kwa wakubwa, na majibu ya serikali nayo yakarekodiwa yakarudishwa kisiwani. Wavuvi walianzisha ushirika wao, na kisiwa kina watu mpaka leo. Wale wapiga filamu walikuwa wanalipwa mshahara, sisi tunajitolea. Lakini utaratibu wa nani anaona kwanza hauna gharama yoyote. Hata sisi tusio na kitu tunaumudu.

Sasa niseme lililonileta hasa, na naomba msinizomee.

Sisi hapa wengi ni wapiga video. Nyumba zikibomolewa tunafika. Machinga wakiondolewa tunafika. Mama analia, simu kumi zimemwelekea. Jioni kipo mtandaoni, kina bendera yetu kona, kina muziki wa huzuni chini. Kesho sisi tuko wilaya nyingine, yule mama bado yuko palepale, na mwenyekiti wa mtaa anamjua, mwenye nyumba anamjua, mwajiri wa mwanawe anamjua. Tulimuuliza? Tulimwonyesha? Anajua hata ilipo hiyo video?

Ibara ya 18 ya Katiba tunaikariri usingizini, uhuru wa maoni, na tuna haki ya kuipigania. Ibara ya 16 je, inayolinda faragha ya mtu? Tunaikumbuka pale polisi wanapochukua simu zetu. Yule mama naye ana Ibara ya 16, na ana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sura yake ni yake hata akiwa analia kwa ajili ya jambo tunalolipigania sisi.

Na hili la bendera. Kama unataka kutengeneza tangazo la chama, tengeneza, si dhambi, liite tangazo. Lakini usiende kwa wanakijiji ukawaambia "tumewaletea zawadi", halafu ukaweka nembo yetu juu ya nyuso zao. Siku wakitaka kuionyesha ile filamu yao kwa mkurugenzi wa halmashauri, au shuleni kwa watoto wao, hawawezi. Umewapa bango lako wakutundikie. Ile filamu ya Tanga ilikuwa na nembo ya kikundi cha wanafunzi wanne tu, na bado ilikuwa nzito kwa mzee.

Basi sisi tumejiwekea utaratibu, na mnaweza kuuchukua.

Kwanza, tunauliza kabla ya kuwasha kamera, na tunamwambia mtu ukweli wote: itaonekana wapi, na nani anaweza kuiona. Akikataa tunakunywa chai tunaondoka. Na vibali tunafuatilia, kuanzia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kwa filamu za kuonyeshwa hadharani. Unaweza kuikosoa, mimi naikosoa, lakini usimletee mzee wa watu matatizo barazani kwake kwa sababu wewe uliona uvivu kuuliza.

Pili, karatasi moja, Kiswahili cha kawaida. Nani ametunga, nani ameimba, nani amepiga, filamu ni ya nani. Tunaisoma kwa sauti, tunasaini wote, nakala moja inabaki kwao.

Tatu, wao wanaona kwanza. Shuka jeupe ukutani na projekta ya kuazima vinatosha. Wakisema toa, tunatoa.

Nne, tunaacha nakala wanayoweza kuifungua wenyewe. Kama nyumba ina televisheni, flashi. Kama kuna mjukuu mwenye simu, memori kadi. Link siyo nakala. Bando likiisha, filamu imekufa.

Mzee? Tulirudi Tanga, wote wanne. Alitupeleka mwenyewe mpaka nyumba ya tatu. Tulikaa kwenye mkeka, nikafungua laptop, nikacheza ile rekodi kama ilivyokuwa kabla hatujaigusa. Yule mama alisikiliza dakika zote nne, zile tulizosema zinachosha. Mzee anamtaja mumewe kwa jina, anaeleza walikuwa wamekaa wapi, anacheka peke yake. Zilipoisha akasema nirudishe mwanzo. Akasikiliza tena.

Hakusema ametusamehe. Alisema, "Siku nyingine msikate."

Filamu mpya ina dakika 15 na majina yote. Ile ya zamani tuliifuta, na maoni yake mazuri yote tukayafuta nayo. Hii mpya haijafika hata robo ya watazamaji wa ile. Lakini iko kwenye flashi mbili, nyumba mbili, mtaa mmoja. Na mzee aliniambia majuzi kwamba salamu inaitikiwa.

Mwisho kabisa. Kwenye diski yetu kuna kazi 14 tulizopiga kwa miaka hii mitatu. Zilizokabidhiwa kwa wenyewe ni tano. Tisa bado ziko kwetu, na mpaka zifike hatujampa mtu kitu. Likizo hii hatupigi filamu mpya hata moja, tunarudisha. Tunahitaji mtu mwenye projekta, na mtu wa kwenda nasi Pangani na Lushoto. Mwenye nia aniandikie jina lake hapa mbele, na tarehe anayoweza.